Siku Ufunguo wa Barieri Ulipokwenda Lagare

Watu wa Kolwezi wana ubaya mmoja: wakikucheka leo, kesho wanakuita kwa kile walichokuchekea, na ndiyo maana mpaka sasa nikipita sokoni kuna wamama wanaoniita Mama Kilo Hamsini, na mi naitika, maana nikinyamaza wataanza kueleza kwa sauti jina limetoka wapi. Afadhali nieleze mwenyewe. Aibu ni yangu, na sitaki mtu mwingine aitie chumvi kuliko mi.

Bwana yangu ni mlinzi wa barieri ya reli, pale barabara ya kutoka Likasi inapokatiza njia ya treni kabla ya kuingia mjini. Barieri ni mabomba mawili marefu ya chuma, moja upande huu wa reli, moja upande ule, yamepakwa nyekundu na nyeupe (nyeupe imebaki ya kukumbuka tu), na kila bomba lina jiwe zito la sementi kwenye mkia wake, ukifungua kufuli jiwe linashuka lenyewe na bomba linaruka juu. Kazi ni hiyo: treni ikija funga, ikipita fungua. Kando yake kuna nyumba ya matofali ya vyumba viwili, nyumba ya kazi, si yetu, na humo ndimo nilimoingia bibi-arusi na humo nikamzaa binti yetu Ngalula. Ukipoteza barieri umepoteza na nyumba.

Sasa, Baba Ngalula ni Mukasai, mtu mwenye asili ya mkoa wa Kasai. Yaani yeye kazaliwa hapa hapa, baba yake kazaliwa hapa hapa, ni babu yao ndiye aliyeletwa na Wabelgiji kuja kufanya kazi, lakini mwaka ule wa kuwafukuza Wakasai mkoani kwetu hakuna aliyekuwa anauliza umezaliwa wapi, walikuwa wanauliza jina tu. Mi ni wa kaskazini, wa Manono, na kaka zangu walinitumia ujumbe mara mbili: mwache huyo mwanaume aende kwao, wewe rudi nyumbani na mutoto. Kwao ni wapi? Kwao ni barieri.

Wakasai walikuwa wanatolewa nyumba kwa nyumba, wanakwenda kulala lagare, kituo cha treni, na magodoro yao na sufuria zao na picha za harusi, wanangoja treni ya kuwapeleka Kasai, nayo inakuja siku ikijisikia. Kila kitu kilikuwa kinabomoka. Nyaya za simu kando ya reli wezi wa shaba walikuwa wamezikata zote, kwa hiyo lagare haikuweza tena kutupigia kusema treni iko njiani. Wafanyakazi wa reli wenyewe, nusu yao walikuwa Wakasai, na nusu hiyo ilikuwa inapungua kila juma, wakabaki wachache ambao Shefu, mkuu wa lagare, aliwang'ang'ania maana asingebaki na mtu. Baba Ngalula alikuwa mmoja wao. Shefu akawa anamwita kila asubuhi, kuja kutusaidia kupanga mabehewa, kuja kutusaidia na hawa watu na mizigo yao. Na barieri? Barieri utarudi mchana. Mchana gani. Kwa miezi mitano barieri niliishika mi, na mtoto mgongoni.

Na sikuishika vibaya, hilo nasema bila haya. Bila simu nilijifundisha kuweka kiganja juu ya reli. Treni ikiwa bado mbali, kabla sikio halijasikia kitu, chuma kinaanza kutetemeka kidogo, kama tumbo la paka aliyeshiba. Bwana yangu yeye analala chini anaweka sikio, anasema ndivyo walivyofundishwa. Sikio linadanganywa na kelele za barabara, kiganja hakidanganywi, lakini nani atamfundisha mwanaume mwenye kofia ya kazi?

Basi siku moja ya mvua lori lililojaa mizigo ya watu waliofukuzwa likakwama gurudumu katikati ya reli, na kiganja changu kikaniambia treni inakuja. Nilinyakua bendera nyekundu nikakimbia kando ya reli kuelekea kwenye kona, kandambili moja ikabaki kwenye matope, Ngalula anadunda mgongoni na kucheka akidhani ni mchezo, na dereva wa treni akaniona akakaba breki, treni ikasimama hatua kumi na tano tu kutoka kwenye lori (nilizihesabu mwenyewe kwa miguu, maana nilijua watu watasema ni uongo).

Baba Ngalula saa ile alikuwa lagare anakula maharage.

Ripoti ikaandikwa. Mlinzi wa barieri, kwa uangalifu na moyo wa kazi, alisimamisha treni na kuokoa maisha ya watu. Jina: la Baba Ngalula. Lingekuwaje langu? Kanuni ya reli inasema mlinzi anayeacha barieri anafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na Mukasai asiye na kazi alikuwa hana nyumba, na asiye na nyumba alikuwa na nafasi kwenye behewa. Kwa hiyo mi mwenyewe nilimwambia asaini. Nilikubali. Ila kukubali na hasira vinaweza kukaa nyumba moja, kila kimoja na chumba chake.

Ndipo ikaja habari ya sherehe. Watu wanalala kwenye sementi ya lagare, watoto wanakohoa, na wakubwa wamekumbuka kuwapongeza wafanyakazi wa reli waliofanya kazi kwa usalama na uangalifu. Kutakuwa na diploma yenye muhuri, gunia la unga, na fanfari ya kupiga matarumbeta. Delege wa usalama, mkubwa wa reli, atatoka Lubumbashi kuja kuzigawa kwa mkono wake. Na watu wakawa wananong'ona kwamba atakayepata diploma hataguswa, karatasi yenye muhuri ina nguvu. Baba Ngalula akaanza kupiga pasi shati siku tatu kabla.

Asubuhi yenyewe alikuwa anajitazama kwenye kipande cha kioo, mi nakata vitunguu.

"Mama Ngalula, uko na kasirika?"

"Hapana."

"Uko nakata kitunguu sawa unakata mutu."

"Vaa kiatu, uende."

"Mi najua ni wewe. Na Mungu anajua ni wewe."

"Basi Mungu anipe ule unga."

Akacheka, akaenda. Hilo ndilo linaloniudhi kwake, anacheka vizuri.

Nilipaswa kubaki, ndivyo tulivyopatana. Na ningebaki, kama nisingeanza kufikiri. Nilifikiri hivi: nataka kumwangalia usoni wakati wanasoma kile nilichofanya mi. Sitasema neno. Nitasimama nyuma, nitamwangalia tu, ajue namwangalia, halafu narudi. Robo saa. Petroli ilikuwa haipatikani, magari ya kupita yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole, na Delege nilijua ameshapita, maana alfajiri nilikuwa nimefungulia gari jeupe lililokwenda mjini mbio (baadaye nilikuja kujua lilikuwa gari la padri). Kuacha barieri wazi sikuthubutu, treni ingeweza kuja saa yoyote ikamkuta mtu katikati. Nikafunga pande zote mbili na kutia makufuli. Wenye baiskeli watainama wapite, wenye magari watangoja. Mwenyewe nikajiona mtu wa usalama kweli kweli.

Ufunguo ni mmoja kwa makufuli yote mawili. Nikaufunga kwenye pembe ya kikwembe kipya, kitenge nilichojifunga kiunoni, mafundo matatu, kama mama yangu anavyofunga kitu cha maana. Kikwembe cha pili, kile ambacho mwanamke mwenye heshima anakivaa juu ya cha kwanza, nilimbebea Ngalula. Ndani nilibaki na sketi niliyoshona kwa mfuko wa unga. Mfuko ule ulikuwa na maandishi ya buluu yaliyokataa kutoka hata kwa majivu, nikayaweka upande wa nyuma. Nani atayaona?

Nikatembea kando ya reli mpaka lagare. Nilichokikuta kilinizidishia hasira. Familia zilizokuwa zimelala kwenye jukwaa zilikuwa zimesukumwa na vyungu vyao nyuma ya turubai ili viti vipate nafasi. Mbele ya turubai: viti, meza yenye kitambaa, fanfari ya watu watano. Nyuma ya turubai: moshi, na mtu anamwambia mtoto wake anyamaze, wakubwa wako na sherehe.

Nilijipanga nyuma kama nilivyokusudia, lakini Shefu akaniona. Shefu wa lagare ni mtu mnene, mwema, mwoga.

"Mama Ngalula, kuja huku. Bibi ya mushujaa hakai nyuma."

"Mi niko muzuri hapa, Shefu."

"Kuja, kuja, batu ba foto banataka familia."

Nikakalishwa mstari wa kwanza, kando ya bwana yangu. Nilipokaa tu alinigeukia, na rangi ikamtoka.

"Barieri iko na nani?" akaniuliza bila kufungua midomo.

"Na kufuli."

"Delege hayafika bado."

Hapo ningeinuka. Ningesema mtoto ana tumbo, ningekimbia, mambo yangeishia hapo. Lakini mpiga picha alikuwa anatupanga, na fanfari ilikuwa inajaribu wimbo, na mi nilikuwa bado na ile hasira yangu ya vitunguu, nikamjibu, "Atafika. Weye ungoje tu diploma yako."

Tukangoja. Jua likapanda. Shefu akawa anatazama saa yake, halafu anaitikisa, halafu anaitazama tena. Ngalula akachoka mgongoni, nikamshusha magotini, akaikamata ile pembe ya kikwembe yenye ufunguo akaitia mdomoni na kuinyonya kwa bidii, nami nikamwacha, angalau mmoja wetu anapata kitu cha kutafuna. Ikapita saa nzima.

Ndipo akaja mwenye baiskeli, jasho linamtoka, grisi nyeusi mgongoni, ile ya chini ya bomba la barieri. Nilipoiona grisi tu, nilijua.

"Shefu," akasema, na lagare nzima inasikia, "mukubwa wenu iko kule ku barieri. Kadena imefungwa pande zote. Mulinzi haiko. Mukubwa iko nauliza kama hapa kunafanyaka kazi batu ao mbuzi."

Shefu akamgeukia Baba Ngalula polepole. "Mulinzi njo wewe, na uko hapa. Nilisema utafute mutu wa kuikala pa nafasi yako. Fungulo iko na nani?"

Bwana yangu akaanza kujipapasa. Mfuko wa shati, mfuko wa suruali, mfuko wa nyuma, akarudi tena kwenye shati. Anajua kabisa ufunguo haupo hapo, anapapasa kupata wakati wa kufikiri, na hapati wazo lolote. Shefu hakuwa mjinga. Siku zote alijua nani anashika ile barieri, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anamwita bwana yangu, ila kujua na kujua mbele ya Delege ni mambo mawili. Nikitoa ufunguo kwenye kikwembe changu pale mbele ya watu, nimesema kila kitu: nani anafunga, nani anafungua, nani hakuwepo siku ya lori. Nikikaa nao, Delege anachomwa na jua.

Nikainuka. "Mi najua pale anaiachaka," nikasema. "Nakimbia nyumbani kumuletea."

Uongo mzuri, au sivyo? Ungefaa kama ningekimbia peke yangu. Lakini nilipoanza kukimbia, Shefu akaanza kunifuata, na Shefu akikimbia wafanyakazi wote wanakimbia, na mpiga tarumbeta wa fanfari akadhani ndiyo maandamano yameanza, akapiga. Tukawa tunakwenda kando ya reli, mi mbele na mtoto mgongoni, nyuma yangu Shefu anahema, nyuma yake bwana yangu na shati lake la pasi, nyuma kabisa matarumbeta na ngoma, na watu wa nyuma ya turubai wamesimama juu ya mizigo yao kutazama.

Barieri ilikuwa imejaa. Ng'ambo ya reli kulikuwa na gari la Delege limegusa pua kwenye bomba, injini inanguruma, nyuma yake malori mawili, baiskeli za makaa, wamama na mabeseni. Delege alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani na faili kwapani, amesimama kwenye jua. Angeweza kuinama apite kwa miguu, lakini mkubwa hainami chini ya bomba mbele ya watu, na dereva wake alikuwa amekataa kubaki peke yake na gari. Jirani yangu, Mama Kisimba, anayeuza muhogo wa kuchoma pale kandokando, alikuwa anapita katikati ya watu na sinia.

"Mama Ngalula," akaniambia nikipita, "ungechelewa tena kidogo. Nabakisha tatu tu."

Nikafika kwenye bomba la upande wetu. Na kwa mazoea, kabla ya kugusa kufuli, nikainama nikaweka kiganja juu ya reli.

Paka alikuwa anatetemeka.

"Fungua, Mama," Shefu akasema, anajishika mbavu.

"Ngoja. Treni inakuja."

"Treni gani? Leo hakuna treni. Fungua."

Delege akapaza sauti kutoka ng'ambo, kwa Kiswahili cha lafudhi ya Kifaransa: "Madame, nimesimama hapa saa moja na nusu. Ninakuamuru, fungua."

"Hapana, Tata," nikasema, kwa heshima kama kwa baba.

Sijui ujasiri huo niliutoa wapi. Fanfari ilikuwa bado inapiga, nikawageukia nikawaambia wafunge midomo, wakafunga. Watu wanasikiliza, hakuna kitu, upepo tu. Shefu akanyoosha mkono kutaka ufunguo, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeona mkate wake unaondoka. Ndipo Baba Ngalula akaja akasimama kati yetu.

"Shefu, ungoje," akasema. "Kama huyu anasema treni, ni treni."

Mungu wangu. Miezi mitano tunaficha, na yeye anaiweka mezani kwa sentensi moja. Mlinzi gani anamwuliza mke wake kama treni inakuja? Nilitaka kumpiga, na nilitaka pia asirudi nyuma hata hatua moja. Hakurudi.

Treni ikatokea kwenye kona bila honi, honi yake ilikuwa imekufa kama vitu vingine vyote. Behewa baada ya behewa, watu juu ya mapaa, watu milangoni, Wakasai waliookotwa kwenye vituo vya njiani, na mizigo yao, na mbuzi mmoja. Ilipita mbele ya pua ya gari la Delege, mita mbili tu. Dereva wake alikuwa ameshazima injini. Delege alikuwa ameshika miwani yake kwa mikono yote miwili.

Kama mkasa ungeishia hapo, leo mngeniita Mama Treni.

Behewa la mwisho likawa linapita polepole, linakaribia kuingia lagare, na mi nikaenda kufungua, uongo wa kutafuta nyumbani nimeshausahau. Fundo likakataa. Ngalula alikuwa amelinyonya saa nzima, limelowa, limekaza kama msumari. Nyuma yangu Shefu anasema, "Upesi, Mama, upesi." Sikuwa na wakati wa kuvuta fundo na meno. Nikasogea karibu, nikaingiza ufunguo kwenye kufuli vile vile ulivyo, umefungwa kwenye kikwembe, nikazungusha.

Makufuli yale yana tabia moja, yakiwa wazi hayaachii ufunguo (siku nyingine nalishika bomba kwanza kwa kiwiko, nafunga tena kufuli tupu, ndipo nachomoa). Na kufuli limefungwa kwa mnyororo kwenye bomba. Na bomba, nilishasema, lina jiwe.

Jiwe likashuka. Bomba likapanda, kufuli likapanda, ufunguo ukapanda, na kikwembe changu kikapanda nao, kikafunguka kiunoni kwa mpigo mmoja na kwenda kuning'inia juu kabisa kama bendera siku ya sikukuu. Mi nimebaki chini na sketi ya mfuko wa unga, mgongo kwa treni, na maandishi ya buluu yote wazi: unga wa mahindi, kilo hamsini.

Mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya godoro mlangoni mwa behewa la mwisho akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma kanisani. Halafu akaniita:

"Wee mama. Kilo makumi tano? Banakudanganya ku mizani. Uko nazipita."

Behewa zima likaangua kicheko. Watu waliofukuzwa makwao, wanakwenda wasikokujua, wanacheka mpaka wanashikana, na kicheko kikapanda juu ya paa, kikahamia behewa la pili, na treni ikaenda nacho. Mama Kisimba akaweka sinia chini ili acheke vizuri. Fanfari walicheka. Mwanangu mwenyewe mgongoni alicheka.

Na haikuwa mwisho, maana kufuli la upande wa Delege lilikuwa bado limefungwa, na ufunguo uko juu. Ikabidi Shefu na mpiga ngoma wainue lile jiwe kwa mabega, bwana yangu anaruka kushika ncha ya bomba, anakosa, anaruka tena, shati lote limetoka, mpaka wakalishusha. Mi nasimama nimeegemeza mgongo wangu kwenye ukuta wa nyumba, natazama mbinguni. Mama Kisimba akanifunga kikwembe chake cha juu kinachonuka moshi. Kikwembe changu kilipasuka, kile kipya.

Delege alipofunguliwa hatimaye, hakupita. Aliteremka kwenye gari, akafungua faili lake, akatoa kalamu.

"Mulinzi wa hapa ni nani?"

"Ni mi, Tata," akasema Baba Ngalula, matope mpaka magotini.

"Na fungulo ya barieri inafanya nini kwa kikwembe ya bibi yako?"

Hapo Mama Kisimba, ambaye hana ubaya hata kidogo, akasema, "Lakini iko naye kila siku, Tata. Huyu bwana barieri anaipitaka tu, kama sisi."

Niliona kalamu inashuka kwenye karatasi. Niliona nyumba, vyumba viwili, kitanda cha Ngalula, na niliviona juu ya behewa. Na badala ya kulia, kwa sababu nilikuwa nimeshavuliwa nguo mbele ya treni na hakukuwa tena na kitu cha kuficha, nilikasirika.

"Andika, Tata," nikamwambia. "Ila uandike yote. Andika Delege wa reli alikuja na motokari, sababu hata yeye haingojake treni. Andika mulinzi hakukuwa, alikuwa lagare, sababu lagare haina tena batu. Andika Delege wa usalama alisema fungua, na treni iko nakuja. Andika mwanamuke wa sketi ya unga alikataa. Andika bibi ya nani, na Mukasai gani, sawa, lakini hata ile ya fungua uandike."

Alinitazama. Alitazama reli. Alitazama pua ya gari lake, na mahali ilipokuwa. Halafu akafunga kalamu na kifuniko chake, akafunga na faili.

"Jua ni kali," akamwambia Shefu. "Twende lagare."

Wakaenda wote, fanfari nyuma. Mi nilibaki, barieri haikuwa na mtu mwingine. Nilisikia tarumbeta kwa mbali, na makofi, na huo uso wa bwana yangu wakati wanasoma sikuuona kamwe. Alirudi saa nane na gunia kichwani na diploma chini ya shati ili isilowe jasho. Nikamwuliza alitazama wapi wakati wanasoma. Akasema alitazama viatu.

"Vizuri," nikasema, na nikamsaidia kushusha unga.

Ile karatasi haikumlinda mtu. Wenzake wawili waliopewa siku ile ile waliondoka kabla ya mvua kwisha, diploma zao zimeshonwa ndani ya godoro. Sisi tulibaki, na Shefu alinieleza sababu siku moja, akicheka na kuangalia pembeni: kila mara orodha ya Wakasai wa reli ilipopanda Lubumbashi, Delege aliliruka jina letu haraka kama mtu anayekanyaga makaa, maana kulishika faili lile ni kuulizwa siku ile ilikuwaje. Kwa hiyo nyumba yetu imesimama juu ya sketi yangu, na wakati mwingine, wanaponiita sokoni, nakumbuka hilo na naitika kwa sauti zaidi.

Lakini lagare kwenye viti, sirudi. Nimeapa mbele ya bwana yangu, mbele ya Mama Kisimba, mbele ya padri wa gari jeupe. Siku nyingine wakitaka kumpongeza mtu wa reli kwa uangalifu, waje hapa kazini kwake, wasimame nyuma ya bomba kama kila mtu, na wangoje mpaka niseme wapite.